Wanaokupenda Ndio Wanaokujazia Sahani

Haya ni maneno niliyowaambia wenzangu wa kikundi chetu cha akiba hapa Busia, upande wa Uganda, Jumamosi iliyopita. Wengi hawakufika sababu ya mvua na wakaniomba niwaandikie, basi nimeandika vile nilivyosema, mahali nimerudia mtanisamehe.

Akina mama hamjambo? Na nyinyi baba zetu mlioketi kule nyuma, karibuni sana, nafurahi mmekuja maana mengine yanawahusu.

Mwenyekiti aliniomba niongee kuhusu presha. Nitaongea, lakini sitawaambia mle mboga, mpunguze chumvi, mtembee, hayo kila mtu hapa anayajua, redio inasema kila siku na sista kule kliniki anasema. Mimi nataka kuuliza hivi, kama tunajua, mbona hatufiki mbali? Nimelifikiria sana hili jambo na naona wengi wetu tunaanza, tena tunaanza vizuri kabisa, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu watu wanatutoa njiani. Na hao watu si maadui. Ni mama, ni mume, ni wifi, ni sisi wenyewe tuliokaa hapa leo.

Mnanijua wote, meza yangu ya mukene, wale dagaa wetu, iko pale karibu na wauza vitenge. Miaka mitatu iliyopita kichwa kilinigonga siku nne mfululizo, siku ya tano nikaenda kliniki, sista akanifunga kile kitambaa mkononi, mashine ikasoma 172 kwa 106. Akaniacha nikae kimya dakika tano akapima tena, ile ile. Akaniuliza, mama unafanya mazoezi? Nikamwambia mimi ni mtu wa soko, nafanya kazi kutoka asubuhi. Akasema sijauliza kazi, nauliza unatembea kutoka wapi mpaka wapi. Hapo nikanyamaza, maana asubuhi napanda boda mpaka sokoni, jioni napanda boda mpaka nyumbani, katikati nimekaa kwenye stuli saa kumi nzima nikipima mukene.

Binti yangu anayesoma unesi aliniambia kwamba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya nchi 168, wakaona Uganda ndiyo nchi yenye watu wachache zaidi wasiotembeza mwili, asilimia 5.5 tu, yaani sisi tulikuwa wa kwanza duniani. Nilifurahi kusikia, lakini nikamwambia hiyo sifa ni ya shangazi zako wanaolima kule kijijini na kuteka maji mtoni, mimi wa stuli isinihesabu. Sisi wa mjini tumetoka kwenye jembe na bado tunakula kama watu wa jembe. Na presha haijali nchi imekuwa ya ngapi, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Uganda ana presha ya juu na wengi wao hawakuwa wanajua. Hebu angalieni benchi mliyokalia, mko wanne wanne.

Basi nikaanza. Dawa nilipewa na mpaka leo nakunywa, msije mkasema nilitupa dawa nikatembea tu, hapana. Lakini na kutembea nikaanza, mimi na jirani yangu, saa kumi na moja na nusu asubuhi tunashika barabara ya kwenda Majanji, dakika 30 au 40, siku tano kwa wiki, maana wataalamu wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki. Nikapunguza sukari, nikaacha mandazi ya saa nne, mchana ugali nusu ya ule wa zamani na dodo nyingi, yaani mchicha. Miezi minane nikatoka kilo 94 mpaka 81. Presha ikashuka 138 kwa 86. Usiku nalala, ngazi napanda, magoti yakaacha kulia.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kwanza ni wale wa barabarani, hao nawapita haraka. Kijana wa boda anapunguza mwendo anakwambia mama panda utaanguka, mwingine anauliza unakimbia deni gani. Mwaka 2018 mwezi wa saba serikali ilipoanzisha siku ya taifa ya mazoezi rais mwenyewe aliongoza watu kutembea Kampala, na 2020 wakati wa lokidauni akatoa vidio anafanya mazoezi ndani ya ofisi, nchi nzima ikamsifu mzee ana nguvu. Mama wa sokoni akitembea asubuhi na raba zake wanauliza kama ameharibikiwa. Hayo yanauma siku mbili halafu unazoea.

Yale ambayo huzoei ni ya kukonda. Na hapa naomba tusikilizane vizuri, maana kwetu Uganda kukonda kuna historia yake ambayo sidhani kama mtu wa Ulaya anaweza kuielewa. Wakubwa wenzangu mnakumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 80, kule Rakai, vijiji vya wavuvi kama Kasensero, watu walianza kuisha mwili, wanaharisha, wanakonda, wanakufa, na hakuna aliyejua ni nini. Ndio huu UKIMWI. Watu wakauita ugonjwa ule "slim", Kiingereza cha kukonda, na mwaka 1985 madaktari wakauandika kwa jina hilo hilo katika gazeti la madaktari la Uingereza, Lancet. Waganda wakaugeuza siliimu na ndilo jina mpaka leo. Yaani sisi ugonjwa wenyewe tuliupa jina la kukonda. Kwa hiyo mtu akipungua kilo kumi na tatu hapa, jirani haoni mazoezi, anaona makaburi aliyochimba mwaka 1990.

Pale sokoni wakaanza kuninong'ona. Mteja wangu mmoja wa miaka mingi akawa ananunua meza ya pili, akinipita anaangalia chini. Mwingine alikuja na huruma kabisa, akanishika bega akaniuliza pole pole, dada, umeshaanza dawa? Na mimi nikamwambia ndiyo, dawa za presha, akaitikia kwa kichwa vile mtu anavyoitikia uongo. Niseme na hili, mwenye virusi akinywa dawa zake vizuri anaishi, anafanya kazi, anazaa, na anaweza kuwa na mwili kunishinda mimi, kwa hiyo hata hicho kipimo cha kumpima mtu kwa macho kilishapitwa zamani. Lakini bado tunapimana hivyo.

Sasa sikilizeni habari ya mama yangu.

Maneno yalimfikia kijijini. Siku moja jioni nasikia boda imesimama nje, natoka, ni mama, ana kuku wawili wamefungwa miguu na chupa ya samli imefunikwa na ganda la mhindi. Hakunisalimia. Alikuja moja kwa moja akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, akazungusha vidole vyake kuona kama vinakutana. Vidole havikukutana, mkono wangu bado ni mkono wa mtu mnene, lakini aliendelea kushika, akaniambia, mwanangu niambie ukweli, mimi ndiye mama yako. Mama huyu alizika kaka zangu wawili, 1992 na 1994, na wote wawili ilianza hivyo hivyo, suruali inafungwa na kamba, shati linaning'inia. Yeye ndiye alikuwa anawaosha.

Usiku ule akachinja kuku mmoja, akaipika na samli yote aliyoweza, akasonga ugali wa muhogo mlima mzima, akaketi mbele yangu kwenye mkeka mpaka nilipomaliza. Nilikula wote. Nani hapa angemwambia mama kama huyo "nimeshiba"? Alikaa kwangu wiki mbili. Asubuhi nikivaa raba namkuta amesimama mlangoni na leso yake, unaenda wapi gizani na mwili huo? Nikawa navua viatu narudi kulala. Wiki mbili zikaisha nikaenda kupima, 158 kwa 98.

Nilikasirika jamani. Nilikuwa narudi nyumbani nasema moyoni kwamba mama yangu ataniua kwa samli yake. Lakini nikafika nikamkuta anafua nguo zangu, zile za zamani zilizonivuka, anazifua na kuzikunja vizuri ili nikirudi mwilini nizikute safi. Nikaketi. Kosa lilikuwa langu, sikuwahi kumwambia kama nina presha. Nilimficha nikisema nisimtie wasiwasi mtu mzee, na yule ambaye hujamwambia ugonjwa wako atautafuta mwenyewe, na ataupata ule anaoujua.

Kesho yake nikaenda naye kliniki. Sikumwelezea mimi, sababu mimi kwake bado ni mtoto, nilimwacha sista amwelezee. Alimwonyesha mashine, akamwambia mama, binti yako mafuta yalikuwa yanaziba njia ya damu, huu ugonjwa ukiuacha unapasua mshipa wa kichwa, mtu anapooza upande mmoja, na hizi kilo zimeondoka kwa kutembea. Mama akauliza maswali kama nusu saa. Halafu sista akasema na wewe bibi njoo tukupime. 164 kwa 92. Hakuwahi kupimwa maishani mwake.

Tangu siku ile mama yangu ndiye mlinzi wangu. Akija haleti samli, analeta mboga za majani, dodo na nakati, kutoka shambani kwake, na wifi yangu akinyanyua chumvi mezani anamtolea macho.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu nadhani wengi wetu tunapigana na watu ambao wangekuwa upande wetu kama tungefungua mdomo mapema. Si wote, lakini wengi. Mtu anakuongezea chakula kwa sababu ana hofu, au kwa sababu hiyo ndiyo lugha pekee aliyo nayo ya kusema nakupenda. Ukiikataa sahani bila neno amesikia umemkataa yeye.

Kuna mwingine ni tofauti kidogo, na huyu ni rafiki. Mlikuwa mnakula pamoja chipsi kila saa saba, siku moja unafungua kontena yako ya maharage na kabichi. Hujamwambia chochote kuhusu chipsi zake, lakini yeye anaona umemhukumu. Atakwambia siku hizi unajiona, atakusukumia kipande, onja tu, kipande kimoja kitakuua? Kuna watu walilichunguza jambo la marafiki kule Marekani, katika mji wa Framingham jimbo la Massachusetts, ambako madaktari wanafuatilia afya za watu tangu 1948. Mwaka 2007 wataalamu wawili, Christakis na Fowler, wakatoa matokeo ya watu 12,067 katika muda wa miaka 32, wakasema rafiki yako akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa wewe kunenepa unapanda kwa asilimia 57. Mume au mke, asilimia 37. Jirani wa nyumba ya pili ambaye si rafiki yako, hakuna kitu. Wapo wataalamu wengine waliobishana nao, wanasema labda marafiki wanachaguana tu sababu wanafanana tangu mwanzo. Mimi si mtaalamu, lakini nimekaa soko hili miaka 19 na nimeona meza nzima ya akina mama ikinenepa pamoja, na nimeona pia jirani yangu mmoja alivyonishika mkono asubuhi ya kwanza na leo tuko watano kwenye barabara ya Majanji. Ule upepo unaopeleka mtu kwenye chipsi unaweza kumpeleka na huku.

Rafiki wa namna hiyo usimhubirie. Mimi wangu nilimwambia hivi, presha yangu ilifika 172, nilipata hofu ya kuacha watoto, naomba unisaidie, usininunulie chipsi hata nikiomba. Nilimpa kazi. Akabadilika siku ile ile, na chipsi zake anakula bado, ni haki yake.

Wazee kule nyuma, sasa zamu yenu. Mume wangu ni dereva wa lori, anatoka Mombasa, anapitia hapa, anaenda mpaka Juba, anaweza kukaa wiki tatu hayupo. Alirudi safari moja akakuta mke amepungua, amenunua gomesi mpya, lile gauni letu, sababu ya zamani haikai, anaamka gizani anatoka nje. Hakusema kitu siku mbili. Siku ya tatu akauliza, unajipunguza kwa ajili ya nani? Nililia, sitaficha. Halafu akaanza kuleta muchomo kila usiku saa tatu, nyama ya mbuzi na ndizi za kuchoma, anafungua karatasi kitandani, kula mke wangu. Nyama ilikuwa nzuri, na nyuma ya nyama kulikuwa na swali. Nilichofanya nilimwamsha asubuhi moja nikamwambia leo tunaenda wote. Akaja na malapa. Alichoka kabla yangu, tukakaa kwenye mzizi wa mwembe karibu na ile kona, na pale ndipo alipoongea hofu yake, akaniambia mke wa mwenzake mmoja alianza na kupungua akamalizia na kuondoka. Siwezi kusema sasa ametulia kabisa. Muchomo bado analeta, lakini analeta saa kumi na mbili jioni na tunagawana na watoto. Nyinyi wanaume mkiona mke ameanza kutunza mwili, muulizeni presha yake ni ngapi kabla ya kuuliza kwa ajili ya nani.

Sasa kuhusu sherehe maana Desemba inakuja na kadi za harusi na kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kabla ya harusi, nimeshaziona tatu. Hapa kwetu mnajua mtu akisema "chakula" anamaanisha ugali, matoke, wali, viazi, muhogo, kalo yaani ugali wa ulezi, mengine yote anaita mchuzi. Ukifika kwenye mstari msichana anakuuliza nikuwekee chakula gani, na jibu la heshima ni vyote, basi unaondoka na vyakula sita vya aina moja na kijiko kimoja cha kabichi juu kama ua. Ukikataa kabisa umewaaibisha wenye sherehe, hilo nakubali, kukataa chakula cha watu ni kosa kwetu na sitaki tuache heshima yetu. Ninachofanya nachukua aina mbili tu, kidogo kidogo, mboga nyingi na kipande cha samaki au kuku. Namaliza. Halafu mwenye nyumba akipita narudi naongezewa mboga mbele yake, nasema hizi zimepikwa vizuri niongezeeni. Mwenyeji anachotaka kuona ni wewe ukiongeza, hajali umeongeza nini. Na kama ni nyumba ya mtu wa karibu, piga simu kabla hajapika. Neno la jana yake kwenye simu halimuumizi mtu, ila ukingoja mpaka sahani iko mezani ndiyo unaumiza.

"Nimeshiba" msitumie, kwetu hilo ni neno la adabu tu, mtu akisikia anakuongezea. Sema daktari amenikataza, hilo linaheshimiwa, na kama ni kweli halina dhambi.

Namalizia na sisi wenyewe, na hapa mnisamehe kama nitawagusa. Kila Jumamosi tukikutana aliye na zamu anapika chai ya maziwa sufuria kubwa, sukari nusu kilo inaingia humo humo, tuko watu 18. Mimi nimepiga hesabu, ni karibu gramu 28 kila mtu. Halafu inakuja soda ya chupa, ile ya mililita 300, hiyo peke yake ina zaidi ya gramu 30. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku nzima, na ikishuka mpaka 25 ni bora zaidi. Sisi tunapita 50 kabla ya saa sita mchana, kwenye kikundi ambacho kimechangia wenzetu wawili pesa za hospitali mwaka huu huu. Na mtu akisema mimi sitaki sukari, nakumbuka vile tulivyomjibu mama wa nyanya mwezi wa tano, tulimwambia unajifanya mzungu. Mimi pia nilicheka siku ile. Mama wa nyanya uko hapa, nakuomba radhi mbele ya watu.

Ninaomba jambo moja lipigiwe kura leo. Chai ipikwe bila sukari, sukari ikae pembeni kwenye bakuli na kijiko, kila mtu atie mwenyewe bila kuangaliwa. Soda pesa yake tununue matunda, ndizi na mapapai yamejaa hapo nje kwa bei rahisi. Zamu ya Jumamosi ijayo ni ya mama wa vitenge, nimeongea naye jana kwenye simu, amesema bakuli analo.